Kilichogonga Katika Ukuta wa Boaz Plaza

KITUO CHA POLISI, HOMA BAY
Maelezo ya shahidi kuhusu kifo cha Werema Nyamhanga, fundi wa ujenzi kutoka Migori

Jina la shahidi: Priscah Bochaberi
Umri: Miaka 47
Kabila: Mkisii. Dini: Msabato
Kazi: Mwenye hoteli ya chakula
Makao: Shauri Yako, Homa Bay
Yameandikwa na: Konstebo Wangwe, Alhamisi tarehe 12 Februari 1998, asubuhi

Mimi ndiye Priscah Bochaberi. Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu, hakuna mtu aliyeniita. Nimekuja kwa sababu Damaris Apondi, mwenye nyumba yangu, amelala seli tangu juzi. Nimesikia shemeji yake, Caleb, amewaambia polisi mambo mawili: kwamba Damaris ndiye alileta fundi akaangusha nyumba, na kwamba huyo fundi alikufa papo hapo, hakuna mtu ambaye angeweza kumsaidia. Yote mawili si kweli. Mimi nilikuwa pale. Afande ameniambia nianze mwanzo, nisirukeruke kama panzi. Haya, naanza.

Boaz Plaza ni jina kubwa kuliko nyumba. Zamani ilikuwa duka la Mhindi, lenye ghorofa moja juu, na imejengwa kwa nguzo za mbao na matope katikati, halafu simiti nyembamba. Marehemu Boaz Ogweno, mume wa Damaris, aliinunua na kupangisha vyumba. Mimi nilichukua chini upande wa mbele, nikafungua hoteli. Juu kulikuwa na fundi cherehani na kinyozi.

Mnamo Novemba 1996, Boaz alimleta Werema kutoka Migori aje aivishe nyumba plasta mpya. Werema alikuwa Mkuria, mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda chai yenye tangawizi nyingi. Alikuwa amefanya kazi Nairobi, ndiko alikojulia hiyo plasta mpya. Si plasta ya mchanga. Wanabandika ukutani bodi nyeupe nyepesi, kama zile zinazokuja ndani ya katoni ya televisheni, wanalaza wavu juu yake, kisha wanapaka kitu chembamba chenye rangi. Ikikauka, inang'aa, hata ufa mmoja huoni. Watu walitoka sokoni kuja kuitazama tu.

Boaz alifurahi kama bwana harusi. Alikuwa na pete nene kidoleni, na kila akipita aligonga ukuta nayo mara tatu, ko, ko, ko, halafu ananiita binti wa Kisii kwa Kijaluo, "Nyar Kisii! Sikia! Hii ni ngozi ya ulaya!" Mimi nilimwambia, mzee, nyumba ya matope hata ukiivalisha suti ni ya matope tu. Alicheka sana. Boaz hakuwa mtu wa kinyongo, Mungu amrehemu.

Afande ameniuliza kama fundi alimwonya. Ndiyo, na nilisikia kwa masikio yangu, kwa sababu walikuwa wanakula kwangu. Werema alisema, "Mzee, maji yakiingia nyuma ya hii kitu, hayana njia ya kutoka. Tuweke mfereji kwa paa, na tuzibe vizuri kandokando ya madirisha." Boaz akasema mfereji wa mabati utafanya plaza yake ionekane kama shule ya msingi. Tena akaagiza herufi za mbao za jina lake, kubwa kubwa, akazipigilia kwa misumari mirefu hapo hapo juu ya ngozi mpya. Werema alitazama ile misumari ikiingia, akatikisa kichwa. Lakini hakubisha sana. Krismasi ilikuwa imekaribia, naye alitaka kwenda kwao. Simsifu kuliko alivyokuwa.

Mnamo Aprili 1997 Boaz alifariki kwa huu ugonjwa wetu wa siku hizi ambao hatuutaji. Alizikwa kwao, upande wa Rangwe. Baada ya mazishi wazee walimwambia Damaris achukuliwe na Caleb, ndugu wa marehemu, kama ilivyo desturi yao. Damaris alikataa. Yeye ni Mkatoliki, amelelewa pale misheni ya Asumbi, na aliniambia kwa jina la mwanangu, "Mama Ratemo, nimezika mmoja. Mimi mwenyewe sijui nina siku ngapi. Nianze tena ya nini?" Nilimwekea tu chai.

Sasa hapa ndipo shida yote ilipo, afande, na wewe si wa huku kwa hivyo nitakueleza. Kwa Wajaluo, nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka mjane arithiwe. Hata paa likivuja, huyo mwanaume aliyemrithi ndiye anapanda juu kwanza. Mtu mwingine akigusa, wanasema atapatwa na chira, ile laana ya kuvunja miiko, inakukondesha mpaka ufe. Mimi nilidhani hayo ni ya nyumbani kijijini. Kumbe wenyewe walikuwa wamehesabu na nyumba ya mji pia.

Mnamo Oktoba ilianza mvua ya El Nino. Sote tunaijua, haikuwa mvua, ilikuwa adhabu. Novemba doa likatokea juu ya mlango wangu, chini ya zile herufi. Lilianza dogo, rangi ya chai ya rangi. Likashuka. Kufikia Krismasi lilikuwa limekaa kama mtu aliyeketi kwenye kiti, amevaa kofia, ameweka mkono mmoja gotini. Boaz alikuwa anaketi hivyo hivyo pale nje jioni. Sikuwaza hayo peke yangu. Ni watu waliokuja kunionyesha, mmoja baada ya mwingine, wakinong'ona.

Halafu harufu. Harufu ya kitu kilichooza ambacho hukioni. Nilihamisha makabati, nikamwaga maji ya dawa, nikatafuta panya aliyekufa. Hakuna. Ilitoka ndani ya ukuta.

Halafu kugonga. Hapa nitasema polepole. Hata siku ambazo mvua haikunyesha, jua kali nje, tulisikia ndani ya ukuta: ko, ko, ko. Kunatulia. Kisha tena, ko, ko. Fundi cherehani alihama wiki ya kwanza ya Januari, hata hakuaga vizuri. Kinyozi akafuata. Wateja wangu wengine walianza kula kwa kuutazama ukuta, na wengine walipopita mlangoni waliinamisha kichwa na kusema, "Boaz, tunapita."

Mimi nilikaa. Sisi Wasabato tunafundishwa kwamba wafu hawajui neno lolote. Wamelala, basi, mpaka siku ya ufufuo. Hawagongi, hawaketi ukutani, hawana kofia. Niliwaambia wateja hivyo kila siku mpaka wakachoka na mimi. Lakini nitasema ukweli kwa sababu hii ni polisi: nikibaki peke yangu jikoni na ule ukuta ukianza, nilikuwa naimba kwa sauti ya juu. Niliogopa. Nilijua hakuna mtu, na niliogopa.

Damaris alitafuta fundi mji huu wote. Hakuna Mjaluo aliyekubali. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Mama, mimi nina watoto wadogo. Hiyo nyumba inataka bwana kwanza, ndio itake fundi." Damaris akaenda kwa Caleb kumwomba aruhusu tu ukuta ufunguliwe. Caleb akamjibu kwamba Boaz mwenyewe amejitokeza ukutani kuonyesha hasira yake, na yeye Damaris bado anabisha. Basi Damaris akapanda gari akaenda Migori kumleta Werema. Alisema, "Huyu ni Mkuria. Chira yetu haimjui."

Walifika Jumatatu tarehe 9 Februari, saa nne hivi asubuhi. Hoteli ilikuwa na watu. Werema hakuingia ndani kwanza, alianza kuupima ukuta kwa nje, akiugonga kwa vifundo vya mkono asikie pale palipo na uwazi. Ko, ko, ko! Ole wangu! Watu wote walisimama. Kuna mmoja alitoka mbio akaacha samaki mzima kwenye sahani, hata macho hajagusa. Mimi mwenyewe nilishika mwiko kama rungu. Kisha Werema akachungulia mlangoni akasema, "Mama Hoteli, chai ya tangawizi bado iko?" Tulicheka mpaka machozi.

Alichukua kisu akakata ile ngozi, kipande kama sinia. Maji yakamwagika, afande. Mvua ilikuwa na wiki nzima haijanyesha, na maji yakamwagika miguuni mwake yakinuka ile harufu niliyotafuta miezi miwili. Bodi nyeupe ilikuwa imejaa vijia vya mchwa. Nyuma yake nguzo ya mbao ilimeguka mkononi mwake kama mandazi iliyolowa chai. Akaniita nitege sikio. Tone lilikuwa linaanguka ndani kutoka msumari wa herufi, linagonga bodi iliyoachana na ukuta: ko. Akasema, "Huyu ndiye Boaz wenu. Maji yaliingia kwa misumari yake na kando ya madirisha, yakakosa pa kutokea. Nyumba imelala na nguo mbichi miezi minne." Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nililala usingizi mzuri usiku huo. Tangu hapo sijalala tena.

Werema alituambia tufunge na tutoe vitu, kwa sababu ukuta wa mbele ulikuwa umeshikwa na ngozi tu. Jioni hiyo alisimamisha nguzo nne za mti nje, akazilaza kuegemea ukuta, zishikilie mpaka afungue yote. Hizo nguzo ndizo zilizomuua. Au tuseme, kutolewa kwazo.

Jumanne tarehe 10 Februari, kama saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa ndani natoa sufuria na benchi. Mteja wangu wa uji wa kila siku, mzee Maranga, ambaye masikio yake hayasikii kitu, alikuwa amekataa kuondoka kabla ya kumaliza kikombe chake. Nikasikia kelele nje, nikachungulia. Caleb alikuwa amekuja na wanaume kutoka nyumbani kwao, watano au sita.

Caleb aliuliza, "Nani amesimamisha nguzo kwa nyumba ya ndugu yangu?"

Werema alisema, "Ni mimi, mzee. Zinashika ukuta."

Caleb akasema, "Kwetu nguzo ya nyumba inasimamishwa na mwenye mke. Mwanaume akisimamisha nguzo kwa mjane, amekuwa bwana yake. Sasa wewe Mkuria ndiye bwana hapa?"

Watu walicheka. Werema naye alicheka kidogo, akasema, "Mzee, mimi nina mke Migori na ananitosha. Hii ni miti tu. Ukiitoa, nyumba inakuja."

Damaris alisimama mbele ya ile nguzo ya kwanza. Akasema, "Caleb, hii ni ploti ya mji. Si dala ya kijijini. Hapa watu wanakula chakula, hakuna kitanda cha mtu." Caleb akamjibu, "Nyar Asumbi, toka hapo. Umetuaibisha vya kutosha." Kisha akawaambia wanaume wang'oe. Niliona nguzo ya kwanza ikitolewa, na ya pili. Hakuna kilichoanguka. Watu wakapiga makofi. Werema alipiga kelele, "Msitoe hiyo! Kuna watu ndani!" Wakaanza kuitikisa ya tatu.

Nilirudi kuchukua sufuria yangu kubwa. Ndiyo, nilirudi, ni ya mama yangu. Werema aliingia mbio, akanishika leso, akanivuta mpaka mlango wa nyuma akanisukuma nje nikaanguka kwa magoti, sufuria mkononi. Akauliza, "Mzee wa uji yuko wapi?" Sikujua. Akageuka akarudi ndani kumtafuta. Mzee Maranga alikuwa ameshatoka mlango wa mbele, amesimama barabarani na kikombe mkononi.

Nyumba haikupasuka wala kutoa vumbi. Ilianguka kama godoro lililolowa limetupwa chini. Nilipozunguka mbele, ukuta wote ulikuwa chini na ghorofa imelalia nusu yake. Ile ngozi ilikuwa imeanguka nzima nzima, imefunika fungu lote kama shuka, na herufi za Boaz bado zimo. Hata lile doa lilikuwapo, limelala chali.

Watu walikuwa kimya. Na katika kile kimya sote tukasikia, chini ya ngozi: ko, ko, ko.

Afande, nataka uandike hivi ninavyosema. Watu walirudi nyuma. Sio mmoja, wote. Nilimwona mwanaume mwenye jembe mkononi akilidondosha. Ikagonga tena. Caleb aliinua mikono akasema, "Ni Boaz. Amekasirika. Msisogee." Mimi nikasema kwa sauti yangu yote, "Boaz amezikwa Rangwe, nilipika kwenye matanga yake! Huyo ni Werema! Ni mtu!" Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamezoea ile sauti miezi miwili. Walikuwa wanajua inaitwa nani.

Damaris alipanda juu ya fungu, akaanza kurarua ile plasta kwa mikono. Haikuraruka. Ule wavu wa ndani ni mgumu, unakatwa, hauraruki. Nilikimbilia jikoni kwa nyuma nikapata kisu cha nyama. Nilikata, Damaris akavuta. Chini ya ngozi ni matope na mbao. Tulichimba kwa sufuria ya mama yangu. Mtu wa tatu kuja alikuwa mzee Maranga. Alituona wanawake wawili tunachimba, akaweka kikombe chake chini, akaja. Hakuogopa kwa sababu hakusikia kitu.

Tulichimba sisi watatu, wanaume wazima wamesimama wakitutazama. Kulikuwa kunagonga chini yangu, upande wa kushoto. Nilijibu kwa kisu, nikagonga ubao mara tatu. Akanijibu. Nikamwambia, Werema, ngoja, tunakuja, chai iko. Sijui kwa nini nilisema chai. Kisha akagonga mara mbili. Kisha nikangoja sana, ikaja moja. Nikagonga tena na tena, na Damaris akaniambia, "Mama Ratemo, nyamaza tusikie." Tukanyamaza. Hakukuwa na kitu.

Kugonga kulipokoma ndipo wanaume walikuja. Wengi, wenye nguvu, kwa majembe na mikono mitupu. Walimfikia haraka sana. Kama wangeanza pamoja na sisi, nisingekuwa hapa leo nikiandikisha, ningekuwa nampikia. Caleb mwenyewe alichimba kuliko wote, na Werema alipotolewa alikaa chini kwenye matope akalia. Alisema, "Nilidhani ni ndugu yangu." Hilo nalo liandike, kwa sababu ni kweli alilisema, na sidhani alikuwa anacheza. Lakini kulia kwake hakumpi ruhusa ya kusema huyu mtu alikufa papo hapo.

Afande ameniuliza nina ushahidi gani kwamba alikuwa hai. Nendeni mochari mtazame mkono wake wa kulia. Vifundo vimechubuka mpaka mfupa unaonekana. Ubao unaoanguka haumchubui mtu vifundo vinne kwa mstari. Nilimwosha huo mkono mimi mwenyewe kabla ya gari lenu kufika.

Damaris hakuangusha nyumba. Alileta fundi kuizuia isianguke. Nguzo zilitolewa mchana, mbele ya mji mzima, na kila mtu aliyepiga makofi anajijua.

Mke wa Werema anakuja kesho kutoka Migori kuchukua mwili. Ataniuliza kama aliteseka. Nimefikiria nimwambie kama Caleb alivyosema, kwamba alienda mara moja, hakujua kitu. Ingekuwa rahisi kwake na kwangu. Lakini wafu hawajui neno lolote, afande, na hawagongi. Aliyegonga alikuwa hai, alikuwa anatuita, na tulikuwa mji mzima. Nitamwambia hivyo, na mwandike hivyo.

Nimesema nilichoona na nilichosikia, sina lingine. Haya ndiyo maelezo yangu, yamesomwa kwangu kwa Kiswahili na nimeyakubali.

Sahihi: P. Bochaberi

Maelezo ya ofisa: Shahidi alitoa maelezo haya kwa hiari yake. Nitakwenda mochari leo mchana kuukagua mkono wa marehemu, na mtuhumiwa Damaris Apondi ataandikiwa maelezo upya. Nilimwomba shahidi aonyeshe sauti aliyosikia ilivyokuwa. Aligonga ukuta wa ofisi hii kwa vifundo mara tatu. Seli ya wanawake iko upande wa pili wa ukuta huo. Damaris Apondi aliita kutoka ndani kwa sauti kubwa: "Mama Ratemo, bado yuko hai! Chimba!"

Konstebo Wangwe